Minister ni mtumishi, si mtawala

Mhariri,

Juma lililopita nilihudhuria uzinduzi wa kisima katani kwetu. Mshereheshaji, akitutuliza sisi tuliokuwa juani tangu saa mbili asubuhi, alitueleza kwamba mgeni rasmi ni "minister", yaani waziri kwa Kiingereza, na kwamba maana ya neno hilo ni mtu aliye juu ya watu. Nimefundisha lugha kwa miaka mingi, na maelezo hayo yaliniuma, kwa kuwa asili ya neno inasema kinyume chake.

Waingereza walilipata kutoka Kilatini kupitia Kifaransa. Kwa Warumi, minister alikuwa mtumishi, kwa mfano yule asimamaye karamuni akiwamiminia wengine divai. Limejengwa juu ya minus, yaani pungufu, na mwenzake wa upande wa pili ni magister, mkuu, litokanalo na magis, yaani zaidi. Hata katika Biblia ya Kilatini, Marko 10:43, pale Kiswahili chetu kinaposema kuwa anayetaka ukubwa atakuwa mtumishi, neno lililoandikwa ni hilohilo minister. Ukubwa uliliingia baadaye, kwa sababu aliyemtumikia mfalme alionekana mkubwa machoni pa raia, ingawa mbele ya mfalme alibaki mtumishi.

Neno letu waziri nalo, tulilolipokea kutoka Kiarabu, wanazuoni wengi wamelinasibisha na wizr, yaani mzigo, kwa hiyo waziri ni mbebaji wa mzigo pamoja na mwenzake. Katika Surat Taha, Nabii Musa anamwomba Mola ampe waziri kutoka katika jamaa zake, nduguye Harun, ili amtie nguvu.

Sisemi waziri asiheshimiwe. Mbeba mzigo anastahili heshima. Ninachoomba ni kwamba wanahabari na washereheshaji wasiwafundishe wananchi kuogopa neno ambalo lingewapa haki ya kudai huduma. Mgeni wetu alipofika saa saba, binti wa shule alipiga magoti mbele yake akiwa na sinia la maji ya chupa, na wala hakuna aliyekuwa ameonja maji ya kisima kile. Kwa Kilatini sahihi, minister pale alikuwa yule binti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, Morogoro