Waliojenga nao waandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wenye watoto au jamaa Marekani, ambao huenda siku moja wakapelekwa kutembea Charleston, jimbo la South Carolina. Ni mji wa bandari wa zamani, umekaa kwenye rasi baina ya mito miwili, Ashley na Cooper. Ardhi yake ni tambarare, na mtu mwenye miguu mizima anaweza kuuzunguka mji wa kale mwenyewe, bila kumlipa mtembezaji. Ombi langu kwao ni moja: msianzie kwenye nyumba za rangi.

Mimi ni mwashi wa chokaa, sasa nimestaafu. Kazi nimeifanya Mji Mkongwe wa Unguja tangu nikiwa kijana wa kubeba maji na kukoroga udongo, mpaka nami nikawa na vijana wa kufundisha. Mwanangu wa kike ni muuguzi huko South Carolina, na ndiye aliyenialika. Akiingia zamu, mimi nabaki mjini na ramani ndani ya simu, natembea kwa mwendo wangu, nasimama ninapotaka. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ndiyo njia bora ya kuujua mji, maana hakuna kiongozi atakayekusubiri uuguse ukuta, uuinamie msingi, uchungulie nyuma ya nyumba.

Wageni karibu wote wanaanzia kusini, kwenye ukuta wa bahari unaoitwa Battery, kisha wanapanda mtaa wa East Bay kupiga picha nyumba 13 zilizopakwa rangi za waridi, manjano na samawati, maarufu kwa jina la Rainbow Row. Ni nzuri, sina ubishi. Lakini ukianzia hapo utajaza macho fahari ya matajiri wa mpunga na pamba, na suala la nani aliyefyatua matofali yale litakujia jioni, miguu imeshachoka, au lisikujie kabisa.

Anzia kaskazini, mahali palipokuwa gati ya Gadsden, kwenye mto Cooper. Inakadiriwa kuwa karibu asilimia 40 ya Waafrika walioingizwa Amerika Kaskazini kama watumwa walipitia bandari ya Charleston. Tangu 1806 meli za watumwa zilitakiwa zishushe watu kwenye gati hiyo, mpaka sheria ya Marekani ilipofunga uingizaji mwanzoni mwa 1808. Wengi walitoka Senegambia, Sierra Leone, Kongo na Angola, na wachache walitoka Msumbiji, upande wetu huu wa bahari. Leo pana makumbusho ya historia ya Wamarekani wenye asili ya Afrika, yaliyofunguliwa Juni 2023. Jengo zima limenyanyuliwa juu ya nguzo 18 ili ardhi ya gati ibaki wazi. Chini yake unatembea bila kiingilio. Kuna bwawa lisilo na kina, na sakafuni mwake yamechorwa maumbo ya watu waliolala ubavu kwa ubavu kama walivyopangwa ndani ya meli. Maji hujaa na kupwa juu yao. Nilikaa hapo muda mrefu nikawasomea Fatiha, na sikuona haya kwa wapita njia.

Ndani ya makumbusho hayo, kwa tiketi, kuna kituo cha kutafuta nasaba, na hapo ndipo nilipoanza kulielewa jambo ninaloliandikia barua hii. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la bwana wao: umri, jinsia, rangi, basi. Majina yao wenyewe hayakuandikwa. Walio wengi waliingia sensa kwa majina yao mara ya kwanza 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada ya uhuru. Kwa hiyo mtu anayemtafuta babu wa babu yake anafika mwaka huo anakwama.

Makumbusho ya mji, mtaa wa Meeting, yana vibati vya shaba vidogo vyenye tundu la kutilia uzi. Charleston ilikuwa na sheria kwamba mtumwa anayekodishwa na bwana wake kufanya kazi mjini lazima awe na kibati hicho, na bwana akilipie kila mwaka. Kimegongwa jina la mji, aina ya kazi, namba na mwaka. Mchukuzi, mvuvi, mtumishi, fundi. Nimevaa kofia ya kazi na nimeshika mwiko umri wangu wote, na pale niliona kibati cha fundi mwenzangu mwenye namba na kazi, asiye na jina. Makumbusho hayohayo yana mtungi mkubwa wa udongo wa mfinyanzi David Drake, aliyekuwa mtumwa katika wilaya ya Edgefield ya jimbo hilohilo. Yeye aliandika jina lake, Dave, kwenye udongo mbichi kabla haujachomwa, na kwenye mitungi mingine akaandika na beti, wakati sheria ya jimbo ya 1834 ilikataza watumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Ningependa kila mwanafunzi wa ufundi auone mtungi ule.

Toka hapo uvuke uwanja wa Marion. Pembezoni mwake kuna kipande cha ukuta kimezungushiwa uzio, watu wanakipita bila kugeuka. Ni mabaki ya ngome ya karne ya 18, na si tofali wala jiwe: ni chokaa ya magamba ya chaza yaliyochomwa, ikachanganywa na mchanga, maji na magamba mazima, ikamiminwa ndani ya mbao na kushindiliwa. Sisi tunachoma matumbawe, wao walichoma chaza, lakini akili ya kazi ni ileile, na ukuta umesimama zaidi ya miaka 250 ukipigwa na hewa ya chumvi.

Kuhusu matofali nitasema zaidi, mniwie radhi. Matofali ya zamani ya Charleston yalifyatuliwa kwenye mashamba ya kando ya mito, kwa mikono ya watumwa, na watoto walikuwa na kazi ya kuyageuza yakauke. Anayelishika tofali bichi huacha alama. Ukitembea vichochoro vya mji huo polepole, ukitazama kuta kwa usawa wa kiuno chako, utaona mashimo madogo matatu au manne yaliyopangika kwenye tofali. Ni vidole. Nilitia vyangu kwenye ukuta mmoja vikakataa kuingia. Vilikuwa vya mtoto. Nimewahi kuwa na wanafunzi wa miaka 15 na 16, nikiwagombeza wasipopiga lipu sawa, na jioni wakirudi kwao kula na mama zao. Yule aliyeligeuza tofali lile hakuwa na jioni ya namna hiyo.

Mtaa wa Calhoun lipo kanisa la Mother Emanuel. Denmark Vesey, seremala aliyejinunulia uhuru kwa fedha za bahati nasibu mwaka 1799, alikuwa miongoni mwa watu wa jamaa ya kanisa hilo. Alinyongwa Julai 1822 kwa kosa la kupanga uasi, na watu 35 kwa jumla walinyongwa. Jengo lao likabomolewa. Baada ya vita jipya lilichorwa na Robert Vesey, mwanawe, na lililopo sasa ni la 1891, kwani tetemeko la Agosti 1886 liliutikisa mji wote. (Zile sahani za chuma mtakazoziona kwenye kuta za nyumba nyingi ni vichwa vya fito zilizopitishwa toka ukuta huu hadi ule, kuzifunga nyumba baada ya tetemeko hilo.) Ndani ya kanisa hilo, Juni 17, 2015, waumini tisa waliuawa kwa risasi wakiwa katika darasa la Biblia. Pitieni kwa adabu.

Ndipo mshuke kusini. Sokoni mtawakuta akina mama wanashona vikapu kwa nyasi za pwani na ukindu wa mnazi mwitu wao, wakizungusha duara juu ya duara. Asili yake ni ungo wa kupepetea mpunga, maana utajiri wa kwanza wa jimbo ulikuwa mpunga, na waliojua kuulima, kuutwanga na kuupepeta ni Waafrika. Bei ni kubwa. Msibishane nao, kikapu kimoja ni kazi ya siku nyingi.

Mtaa wa Chalmers umetandikwa mawe ya kale, viatu vya kisigino havifai. Hapo lipo soko la watumwa lililofanywa makumbusho. Mji ulipiga marufuku 1856 kuuza watu hadharani mitaani, wafanyabiashara wakahamia ndani ya viwanja vyenye kuta. Ufikapo sasa kule kwenye majumba ya kusini, utayaona kwa jicho jingine. Tazama nyumba ya Miles Brewton, namba 27 mtaa wa King: juu ya uzio kuna miiba mirefu ya chuma, ambayo inaelezwa iliwekwa kwa hofu baada ya kisa cha Vesey.

Nimemwacha kwa makusudi mtu mmoja. Philip Simmons, mhunzi, alizaliwa 1912 akafariki 2009. Alijifunza tangu utotoni kwa mzee aliyezaliwa utumwani, akaanza na viatu vya chuma vya farasi na magurudumu ya mikokoteni, kisha akaingia kwenye mageti. Kazi zake zinazidi 500, na nyingi ziko mitaani, bure kwa kila macho: geti lenye nyoka mtaa wa East Bay, geti lenye mioyo kanisani mtaa wa Anson. Nyumba na karakana yake mtaa wa Blake zimehifadhiwa. Mji ule wenye mafundi maelfu wasio na majina umeshika jina la huyu mmoja, na watu wazima wanatembea geti hadi geti wakilitaja. Na kimbunga Hugo kilipobomoa mapaa mwaka 1989 wakagundua mafundi wa kazi za kale wamekwisha, walianzisha chuo kinachotoa shahada ya uashi, useremala, lipu na uhunzi. Kijana anamaliza chuo kikuu akiwa mwashi! Nilipita nje ya jengo lao mtaa wa Meeting nikawatakia heri.

Sasa kwetu, Mhariri. Nakaa Mkunazini, jirani na kanisa kuu lililojengwa juu ya soko la watumwa katika miaka ya 1870 chini ya Askofu Edward Steere. Jina la askofu kila mtembezaji analijua. Kuhusu mafundi, wageni wanaambiwa kisa kimoja tu, kwamba Askofu aliposafiri, mafundi walizisimamisha nguzo kichwa chini. Jengo zima lenye dari ile ya kuba, kazi iliyohitaji akili na ujasiri, na walioijenga wanakumbukwa kwa kosa hilo peke yake. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani, tunasema aliijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Barghash hakushika mwiko. Na ilipoporomoka Desemba 2020, watu waliokuwa kazini humo wakafariki, magazeti yalilia jengo kuliko yalivyowalilia wao.

Bibi yangu alikuwa mmoja wa wanawake waliopiga sakafu za mapaa ya mji huu, kwa vigongo na nyimbo, kutwa nzima, mpaka chokaa iwe ngumu. Hakuna kibao kinachosema hivyo. Vibao tulivyo navyo vinataja mfanyabiashara, balozi, mfalme.

Wahenga wa mafundi wa karne ya 19 wengi wao pengine tumeshawapoteza kama Charleston ilivyowapoteza wake. Lakini waliofanya kazi miaka ya 1950 hadi leo bado tunawajua. Najua nani alichonga mlango gani Malindi, nani aliyerudisha ngazi za nyumba ipi Shangani, na nani aliyekataa saruji mradi ulipomlazimisha, akijua ukuta wa matumbawe ukizibwa kwa saruji hunyonya maji na kuoza ndani. Wapo wenzangu wanaojua zaidi. Wenye mamlaka wakiweka vibao vipya vya matembezi, waongeze mstari mmoja: fundi fulani, mwaka fulani. Wasipokuwa na fedha za vibao, basi skuli zetu na gazeti lako zianze kwa daftari.

Waliobaki katika kazi hiyo ni wachache, na wengine hawatoki tena nje. Mkimleta kijana mwenye kinasa sauti, mimi niko tayari kumpeleka nyumba kwa nyumba na kumbishia hodi. Asubuhi ni bora, maana wazee hao baada ya adhuhuri hulala.

Wako,
Fundi mstaafu wa chokaa,
Mkunazini, Unguja