Kabla Hujanunua Busta Nyingine ya Waifai

"Kupitisha waya tu ndiyo pesa yote hii?" Swali hilo sisi mafundi wa mtandao tunaulizwa karibu kila tunapopeleka makadirio ya kupitisha kebo za intaneti nyumbani. Safari hii limetoka kwa mteja wa Goba, aliyesema wazi kwamba tunamwibia. Tumeshaongea naye kwa simu, lakini jibu lake ni refu na linawahusu wengi, hasa mnaotaka kuboresha waifai ya nyumbani kwa mikono yenu. Anayetaka kufanya mwenyewe afanye, na hapa tutamwambia namna. Kinachotuuma ni mtu kuanzia dukani kabla hajaipima nyumba yake.

Nyumba ya huyo mteja ni ya ghorofa moja, matofali ya saruji ya inchi sita, na slabu ya zege yenye nondo za kutosha. Faiba imeingilia sebuleni, ruta ikawekwa ndani ya kabati la televisheni. Vyumba vya watoto juu havishiki. Cha kwanza akapandisha kifurushi, na hakuna kilichobadilika, kwa sababu kifurushi ni kasi inayofika kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta hadi chumbani ni kazi ya mawimbi, na mawimbi hayajui umelipia nini. Akaenda Kariakoo akanunua busta, akaichomeka kulekule juu ambako waifai haifiki. Simu ikaonyesha mnara umejaa, video zikaendelea kukwama. Akaongeza ya pili koridoni, kisha ya tatu kwenye ngazi. Tulipofika tulikuta busta inachukua mawimbi kutoka kwa busta mwenzake, zote zikiwa chaneli moja (njia ileile ya mawimbi) na ruta.

Busta, au ripita kama wengine wanavyoiita, haitengenezi intaneti. Inapokea kilichorushwa na ruta, inakirusha upya. Zile za bei ndogo zina redio moja tu, kwa hiyo haziwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja. Muda unagawanywa, na kasi inashuka karibu nusu. Ukiunganisha busta kwa busta, ile nusu inakatwa tena. Na mnara uliojaa kwenye simu unakuonyesha ulivyo karibu na busta tu. Hali ya mawimbi kati ya busta na ruta huioni popote. Kama lazima utumie moja, iweke katikati ya safari, mahali ambapo ruta bado inashika vizuri. Kuiweka mwisho wa nyumba ni kutupa hela.

Kwa hiyo anza na kupima. Chora nyumba kwenye karatasi, weka alama ilipo ruta, kuta nene, bafu, matangi ya maji na milango ya chuma. Pakua programu ya bure ya kupima waifai kwenye simu, uzunguke chumba kwa chumba milango ikiwa imefungwa kama mnavyoishi usiku. Kipimo chake ni dBm na kinasomeka kwa hasi: karibu na ruta utaona kama -45, hadi -67 hivi unapiga simu ya video bila shida, ukishafika -80 hapo hakuna kitu. Pima masafa mawili ya waifai, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, kila moja peke yake. Ya 5 ina kasi zaidi lakini ukuta unaimaliza haraka, ya 2.4 inapenya zaidi, ila imejaa waifai za majirani, na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kama jirani zako wote wako kwenye 6, hama.

Mama mmoja wa Mbezi Beach alikuwa tayari ameandaa hela ya vifaa. Tulipopima tukakuta ruta iko nyuma ya kioo kikubwa cha ukutani, pembeni kabisa ya nyumba, ukuta wa pili ni wa bafu lenye vigae pande zote. Tukaisogeza hadi koridoni, juu kidogo ya usawa wa kichwa, na nyumba nzima ikashika. Tulimtoza ada ya ukaguzi peke yake. Alilalamika kwamba amelipia kusogeza ruta. Lakini ada ile ndiyo iliyomwokoa asinunue vifaa visivyohitajika, na sisi tungeweza kumuuzia kimyakimya asijue. Ada ya ukaguzi itaendelea kuwepo.

Nyumba isiyotibika kwa kusogeza ruta, dawa yake ni kebo: waya mmoja kutoka kwenye ruta hadi kila sehemu inayohitaji mawimbi, na kule mwisho kituo kidogo cha kurushia waifai, juu kwenye dari. Hata seti za meshi (vituo kadhaa vya waifai vinavyoshirikiana) mnazoziona madukani, ambazo kwa kweli ni nzuri kuliko busta, slabu ya zege inazisumbua zikiongea hewani. Ziunganishe kwa kebo uone tofauti.

Hapa ndipo bei inapotoka na hapa ndipo wengi wanapokata kona. Kebo ya mtandao ya daraja la Cat 6 ya shaba tupu inauma mfukoni. Kando yake dukani kuna boksi linalofanana nayo kabisa, rangi ileile, maandishi yaleyale, bei ya chini sana. Ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Nyingine zimeandikwa CCA, nyingine hazijaandikwa chochote. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe, irudishe. Aluminiamu inakatika kirahisi inapokunjwa, na ukipitishia umeme wa kuendesha kituo cha darini inapata moto zaidi na umeme unafika umepungua. Kebo ina nyaya nane. Kasi ya Mbps 1,000 inazihitaji zote nane, ile ya 100 inatumia nne tu. Kwa hiyo waya mmoja ukikatika ndani ya ukuta, na si kati ya zile nne, intaneti inaweza isizime. Inashuka hadi 100, na wewe unakaa miaka unaigombeza kampuni ya intaneti.

Kutindua ukuta, kutoboa slabu bila kugusa nondo wala bomba, kuiweka kebo mbali na nyaya za umeme, kubana vichwa kwa mpangilio mmoja pande zote mbili, kupima kila waya kwa testa, kuandika lebo, kupiga plasta na kurudishia rangi: hiyo ndiyo "waya tu". Mteja wa Goba alipata fundi wa bei nusu kabla yetu. Fundi huyo alizipitisha nyaya ndani ya paipu moja na umeme wa taa. Tumezitoa zote.

Ukifanya mwenyewe, kebo isizidi mita 100, usiikunje kwa kona kali, na ruta yako ya zamani usiitupe. Inaweza kuwa kituo cha pili. Ibadilishie anwani isigongane na ya kwanza, izime DHCP (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa), kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), usiguse la WAN (la intaneti inayoingia). Mwenye nyumba mmoja wa Kimara aliisahau hatua ya DHCP, na wapangaji wote wakakosa intaneti mwisho wa wiki nzima, kwa sababu ruta mbili zilikuwa zinagawa anwani kila moja kivyake.

Kitu kimoja tunaomba msikiguse wenyewe: kuvusha kebo ya shaba hewani kwenda nyumba ya nyuma. Tumefika Kigamboni baada ya mvua ya masika tukakuta kebo ya ndani imetundikwa nje, ganda limepasuka kwa jua, na radi iliyopiga karibu imeua ruta, swichi na televisheni iliyochomekwa humo. Kati ya nyumba na nyumba tumia faiba, ambayo haipitishi umeme, au vifaa viwili vya kurushiana mawimbi.

Na wewe unayejenga sasa hivi, kabla ya plasta, mwambie fundi umeme akuwekee paipu tupu za kebo, mbali na zake, kutoka mahali faiba itakapoingilia hadi kila chumba na kwenye dari ya koridoni. Acha kamba ndani ya kila paipu. Gharama yake ni ndogo, na siku ya kuvuta kebo hakuna tofali litakaloguswa.

Kebo tuliyoleta na kupitisha sisi tunaisimamia. Ikileta hitilafu ndani ya ukuta tunarudi bila malipo ya ufundi. Kebo uliyonunua mwenyewe tutaikwangua na kuipima mbele yako kwanza. Ikiwa ya aluminiamu hatutaipitisha, hata ukisaini kwamba lawama ni zako.