Jike akiingia Kentucky Derby, tuambieni alikimbia na nani

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wa dawati la michezo. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mbio za farasi nazifuatilia kwa moyo wote, sasa kuna kitu kinanikera kila inapokaribia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, siku ya Kentucky Derby, ile mbio kubwa ya farasi wa miaka mitatu pale uwanja wa Churchill Downs, Louisville, Marekani. Akitajwa tu farasi jike anayeweza kuingia kushindana na madume, uchambuzi unakuwa wa aina mbili basi. Kuna anayesema jike hawezi, madume wana nguvu, imeisha hiyo. Na kuna anayesema huyu kashinda mbio yake ya mwisho kwa urefu wa farasi kumi kwa hiyo hakuna wa kumgusa. Wote wawili hawajanisaidia kitu manake sijaambiwa hao aliowaacha nyuma walikuwa kina nani.

Derby inakimbiwa tangu 1875 na majike walioshinda ni watatu tu, Regret mwaka 1915, Genuine Risk 1980 na Winning Colors 1988. Watu wanaishika hiyo tatu kama ushahidi wa mahakamani, lakini jamani, majike wenyewe wanaoingia ni wachache mno. Mwenye jike mzuri ana Kentucky Oaks siku moja kabla, Ijumaa, mbio ya majike wa miaka mitatu peke yao, fupi kidogo kuliko Derby na hela yake sio haba, kwa nini amtupe mtamba wake kwenye msongamano wa farasi ishirini? Kwa hiyo hiyo tatu haituambii jike ana uwezo gani. Kinachotuambia ni hao watatu walifikaje pale.

Regret akiwa na miaka miwili, 1914, alikimbia mara tatu tu, zote uwanja wa Saratoga, kashinda zote na madume walikuwemo. Alafu akakaa mpaka Derby, yaani Derby ndo ilikuwa mbio yake ya kwanza mwaka ule, akatoka mbele na akabaki mbele mpaka mwisho. Winning Colors wiki chache kabla ya Derby alipelekwa Santa Anita Derby, mbio nyingine ya maandalizi, akawapiga madume kwa urefu wa farasi saba na nusu. Genuine Risk ndo ninayempenda kuliko wote. Alikuwa hajapoteza hata mbio moja katika sita alizokimbia na majike wenzake, akapelekwa Wood Memorial, nayo mbio ya maandalizi, kukutana na madume akawa wa tatu, na watu wengi wakaishia hapo hapo, kapigwa, basi. Siku ya Derby akatoka kwa odi za 13 kwa 1, yaani kwenye kamari wachache walimpa nafasi, na akashinda. Kwangu mimi ile nafasi ya tatu ilikuwa na habari nyingi kuliko zile sita za kwanza, kwasababu ilionyesha kwamba akibanwa na madume hakati tamaa, anaendelea kukimbia. Nyie mngeiandika kwenye mstari mmoja kama doa.

Kubanwa huku sio maneno tu. Mbio za majike mara nyingi zina farasi sita au saba, jike mwenye kasi anatoka mbele peke yake, hakuna wa kumsumbua, anapumua anavyotaka, akifika kona ya mwisho bado ana nguvu zote na ndo hapo anawaacha wenzake kwa ile tofauti kubwa inayowapagawisha waandishi. Sasa mchukue huyo huyo mweke kwenye Derby. Farasi mpaka ishirini wanakimbilia kona moja, udongo unampiga usoni, huku kagongwa bega huku kafungiwa njia, na mbele kuna wengine watatu wanne wenye kasi kama yake. Mwaka 2022 robo maili ya kwanza ilikwenda kwa sekunde 21.78 na nusu maili kwa 45.36, wale wa mbele wakaishiwa na Rich Strike akatokea nyuma kabisa kwa odi za 80 kwa 1 akawameza wote. Jike ambaye hajawahi kukaa nyuma ya mtu angefanya nini katika mwendo kama ule? Hilo ndo swali, na majibu yake mnayo kwenye rekodi zake, muda wa kila robo maili unaandikwa, sio siri. Mkiona kashinda kwa mbali lakini nusu maili yake ya kwanza ilikuwa ya polepole, semeni. Na mkiona aliwahi kufungiwa njia akasubiri akapenya katikati ya farasi wawili, hata kama alishinda kwa shingo tu, hiyo iwekeni juu kabisa ya habari.

Nakubali kuna waliofanikiwa bila kukutana na madume kwanza, sitaki kuficha. Rags to Riches 2007 alikwenda Belmont Stakes, mbio nyingine kubwa ya farasi wa miaka mitatu, hajawahi kukimbia na madume, akajikwaa akitoka getini, na bado akamshinda Curlin kwa kichwa, jike wa kwanza kushinda Belmont tangu 1905. Lakini mtazameni nasaba yake. Baba ni A.P. Indy aliyeshinda Belmont 1992, na mama yake Better Than Honour ndo huyo huyo aliyemzaa Jazil mshindi wa Belmont 2006. Belmont wakati ule ilikuwa maili moja na nusu, kama mita 2,400, sasa mtoto wa nyumba hiyo kweli wa kushangaa akifika? Aliyesoma ukoo alikuwa na sababu ya kumwamini hata bila mbio ya madume.

Na Rachel Alexandra 2009. Alishinda Oaks kwa urefu wa farasi ishirini na robo, alafu baada ya siku kumi na tano tu akaingia Preakness, nayo mbio kubwa ya farasi wa umri huo, kwenye geti namba 13, akawashinda madume na Mine That Bird mshindi wa Derby akiwa wa pili kwa urefu wa farasi mmoja. Unaona, kutoka ishirini mpaka mmoja! Ushindi ni ushindi na ule wa Preakness naupenda zaidi, ila hiyo ndo tofauti ya kukimbia na wanaokubana. Na ishara kubwa ilikuwepo kabla ya mbio, joki Calvin Borel ndo aliyempanda Mine That Bird akishinda Derby na ndo aliyempanda Rachel kwenye Oaks, alipotakiwa kuchagua mmoja akamwacha bingwa wa Derby akachagua jike. Mtu aliyekaa juu ya migongo yote miwili kaamua hivyo, wewe mchambuzi unataka ushahidi gani tena? Mimi huwa naangalia joki kahamia wapi kabla sijaangalia kitu kingine chochote.

Kuna suala la uzito pia, hili mnaliruka kila mwaka. Kwenye Derby dume anabeba ratili 126 na jike 121, yaani kama kilo mbili na robo pungufu. Sio zawadi ya huruma, ni kanuni ya mbio, na kwa maili moja na robo hizo kilo zina maana yake hasa wakiingia ile nyoosho ya mwisho ya mita 376 ambapo wengi ndo wanakufa miguu. Mwandishi anayelinganisha muda wa jike na wa dume bila kutaja nani alibeba nini hajalinganisha kitu.

Alafu kuna jambo ambalo wengine wanaona aibu kulitaja, joto, yaani kipindi jike anapotaka dume. Jike wa farasi mwezi wa nne na wa tano siku zikirefuka kule kaskazini anaingia kwenye joto takriban kila siku 21, na akiwa humo wengine wanakuwa hawatulii, wanakataa kula vizuri, wanapoteza umakini, wengine wala huoni tofauti. Hakuna sheria moja kwa wote, ila mtu anayemhudumia kila siku anamjua. Ukimwona uwanjani wanapozungushwa kabla ya mbio analowa jasho shingoni na katikati ya mapaja, anarusha mateke na mkia hautulii, hapo mimi narudisha pesa mfukoni hata kama nilikuwa namwamini tangu mwezi wa pili. Akiwa anatembea kwa hatua ndefu, kichwa chini kidogo, masikio yanacheza kusikiliza, nabaki naye.

Naomba pia mliache lile la Eight Belles. Kila akitajwa jike kwenye Derby lazima mmoja wenu amkumbushe. Mwaka 2008 alikuwa wa pili nyuma ya Big Brown, baada ya kupita mstari wa mwisho miguu yote miwili ya mbele ikavunjika na ikabidi auawe pale pale uwanjani. Niliumia sana, mpaka leo nikiona picha yake siwezi kuiangalia muda mrefu. Lakini kumfanya yeye sababu ya kusema majike wasikimbie na madume sio haki, aliwashinda madume kumi na nane siku ile. Barbaro alikuwa dume, mshindi wa Derby 2006, na alivunjika mguu wiki mbili baadaye kwenye Preakness, mbona hakuna aliyesema madume wakatazwe? Mifupa ya farasi wa miaka mitatu ni suala la wote, na kama mnataka kuliandika liandikeni kwa wote.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba siku hizi kazi yenu imerahisishwa. Tangu 2013 kuingia Derby ni kwa pointi, na pointi hizo zinapatikana kwenye mbio za mchujo ambazo madume wamo, jike akishinda mbio za majike watupu anapata pointi za Oaks sio za Derby. Maana yake jike yeyote atakayefika getini siku ile kupitia njia hiyo ameshakutana na madume, rekodi ipo, mbio ipo, video ipo. Zamani Rachel na Rags to Riches mngeweza kusema tunabahatisha, sasa hivi hakuna kubahatisha, ni uvivu tu.

Kwa hiyo mwakani akitokea jike, msinipe picha yake na neno malkia. Nipeni ile mbio yake na madume: walikuwa wangapi, nusu maili ilikwenda kwa sekunde ngapi, alikuwa wa ngapi kwenye kona ya mwisho, aliguswa au hakuguswa, nani alikuwa wa pili na huyo wa pili alifanya nini mbio iliyofuata. Niandikieni na mama yake alizaa nani. Nafasi ikibaki ndo muweke picha.

Msomaji wenu wa kurasa za michezo