Barua ya wazi kwa vijana wanaovua gatini bahari ikiwa imechafuka

Vijana wangu wa mshipi, salamu.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa hiyo mkiona maneno yamekuwa makali mjue yanatoka kwa mtu anayewapenda. Juzi nimeona mwenzenu akichukuliwa na wimbi kwenye ncha ya gati, mchana kweupe, watu wamejaa. Na alikuwa ameshafunga vitu vyake anaondoka! Wimbi la kwanza lilipanda likamlowesha miguu tu, ndoo yake ya chambo ikaanza kuteleza kwenda ukingoni, naye akaifuata. Akainama kuishika, mkono mmoja bado umeng'ang'ania rodi, mgongo kaipa bahari. La pili likamkuta hapo hapo. Alitolewa akiwa hai, tunashukuru Mungu, bega limevunjika na maji kayanywa ya kutosha, lakini kilichoniuma zaidi ni maneno ya wenzake baadaye: "Bahati mbaya tu, tulikuwa pale tangu asubuhi na hapakuwa na shida yoyote."

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hii habari ya "tangu asubuhi hapakuwa na shida" nimeisikia mara nyingi mno na ndiyo inayowamaliza. Sikilizeni. Utabiri ukisema mawimbi ni mita 2, haimaanishi kila wimbi litakuwa mita 2. Ile ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, maana yake kuna mengi madogo kuliko hapo na kuna machache yanayozidi sana. Katika kila mawimbi kama elfu moja tegemea moja litakalokaribia mara mbili ya kimo hicho, yaani karibu mita 4. Haya pigeni hesabu wenyewe, mawimbi yakiwa yanakuja kila sekunde 10, elfu moja yanapita kabla saa tatu hazijaisha. Na nyie mnakaa pale saa ngapi? Mnaenda na chai na mikate mnakaa kutwa! Kwa hiyo utulivu wa asubuhi haukwambii chochote kuhusu dakika inayofuata, na kadiri unavyoendelea kukaa ndivyo unavyozidi kujipa nafasi ya kukutana na lile kubwa.

Na usidhani mara mbili ndio mwisho. Tarehe 1 Januari 1995 kwenye jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini, vipimo vilinasa wimbi la mita 25.6 siku ambayo kimo cha mawimbi kilikuwa kama mita 12. Najua ni bahari kuu ile na dhoruba kubwa, sio gatini kwenu, ila tabia ya maji ni ile ile.

Halafu kimo kikiongezeka mara mbili nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito unaozidi tani moja, sasa wewe na misuli yako ya jimu utashindana na tani ngapi zikikupiga magotini? Na penye ukuta uliosimama wima mambo yanakuwa mabaya zaidi, maana wimbi likigonga linarudi, linakutana na linalokuja, yote mawili yanapanda juu kwa pamoja. Ndio maana unaona maji yanaruka ghafla mahali ambapo dakika moja nyuma palikuwa pakavu. Saruji ikiwa imelowa mbali kutoka ukingoni, hayo maji yamefikaje? Jiulize hivyo kabla hujaweka kiti.

Kijana mwingine akanijibu, "lakini mzee jua lilikuwa linawaka na upepo hakuna." Mwanangu, mawimbi marefu yanaweza kuwa yamezaliwa na dhoruba iliyo maelfu ya kilomita kutoka ulipo, yanasafiri siku kadhaa, yanakufikia wewe umevaa miwani ya jua. Ukisoma utabiri usiangalie mita peke yake, angalia na sekunde, yaani muda kati ya wimbi moja na linalofuata. Wimbi la mita 2 la sekunde 5 na la mita 2 la sekunde 14 sio ndugu hata kidogo, hilo la pili limebeba nguvu nyingi zaidi na litapanda ukuta. Yanakuja kwa makundi pia, makubwa kadhaa yanafuatana kisha bahari inanyamaza kwa dakika kadhaa, na ndani ya ule ukimya ndio watu wanashuka chini kuchukua samaki aliyenasa. Ukifika, simama mbali, usifungue hata begi, tazama maji kwa robo saa au zaidi. Na angalieni mwezi, bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ikikutana na upepo wa kutoka baharini maji yanafika pasipofikika siku nyingine.

Najua kwa nini mnaenda. Maji yakichafuka chakula kinafumuliwa chini, samaki wengine wanasogea karibu na ukuta, wanakula bila woga. Ni kweli, sitawadanganya. Ila samaki yupo hata siku ya pili ya mtulio, maji bado yana rangi.

Mengine nayasema kwa kifupi. Usiende peke yako. Laifu jaketi livaliwe, lisikaliwe. Usivae yale mabuti marefu ya kufika kiunoni ukiwa juu ya ukuta. Pombe iache. Mwani wa kijani ni utelezi, usiukanyage. Yale mawe makubwa ya zege yaliyopangwa kuvunja mawimbi sio mahali pa kusimama, ukiteleza katikati yake unabanwa na maji yanaendelea kuja. Rodi nyingi za siku hizi ni za kaboni, zinapitisha umeme, ukisikia radi laza rodi uondoke, na usirudi mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Kitu kikianguka ukingoni, iwe ndoo, simu au rodi ya bei mbaya, kiache kiende.

Ukianguka, achia rodi. Usipambane kuupanda ukuta, utasagwa nao, jisogeze mbali nao. Lala chali, panua mikono, acha pumzi irudi kwanza, hasa maji yakiwa ya baridi maana dakika ya kwanza unahema ovyo na ndipo watu wanameza maji. RNLI, waokoaji wa Uingereza walioanza kazi 1824, wanafundisha hivyo hivyo, elea kwanza. Na wewe uliye juu usijirushe! Tutazika wawili. Piga namba ya dharura, tupa chochote kinachoelea, boya, dumu tupu lililofungwa, hata sanduku la barafu, na usimwondolee macho aliye majini, mnyooshee kidole muda wote waokoaji wamwone.

Sasa na wakubwa wenzangu niwaseme, maana vijana peke yao sio wa kulaumiwa. Siku ile boya lilikuwepo kwenye kisanduku chake, kamba haikuwepo, mtu alishaikata akaenda nayo kwake. Ngazi ya kutokea majini imeoza imebaki vyuma viwili. Watu wameinua simu wanarekodi, aliyekimbia kutafuta kamba ni mmoja. Hivi tumefika hapo? Msimamizi anayejua kukusanya kiingilio anashindwaje kufunga geti siku maji yanaruka ukuta? Na nyie mnaoandaa mashindano, kuahirisha inawauma nini, mbona mvua ikinyesha harusini mnahamisha viti?

Ajali haina kinga, wengi wataniandikia hivyo. Hii ya juzi kinga ilikuwepo, tena nyingi.

Wanangu, kila kikundi kitafute mfuko wa kurushia kamba, au kamba ya mita 20 na zaidi yenye kitu cha kuelea kwenye ncha, na mfanye mazoezi ya kuirusha siku bahari imetulia. Mkikutana tena naomba hilo lizungumzwe mwanzo kabisa, kabla ya habari za chambo, na muandike jina la atakayeibeba.