Kwa Baba Achieng, kuhusu mbio za Singapore

Nakuru, Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Achieng,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima, mguu wa Mama Njeri unaendelea kupata nafuu, na mvua imetufikia hatimaye. Natumaini huko Kisumu nanyi hamjambo. Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia na huenda ningekaa zaidi, lakini juzi kijana wako alinipigia simu akaniuliza jambo ambalo limeninyima usingizi: kwa nini baba yake huinuka na kutoka sebuleni kila mara mbio za magari za Singapore zinapoonyeshwa kwenye runinga.

Sikumjibu. Nilimwambia kwamba nitazungumza nawe kwanza, kwa sababu jibu hilo ni lako, hata kama siku ile tulikuwa pamoja.

Unaikumbuka vizuri tarehe 28 Septemba 2008, nyumbani kwa fundi mkubwa. Kwetu ilikuwa saa tisa alasiri, kwao saa mbili usiku, na ilikuwa mara ya kwanza magari ya Formula One kushindana usiku. Januari ya mwaka ule ule tulikuwa tumefungiwa majumbani hapa Nakuru kwa amri ya kutotoka nje, na giza likiingia kila mtu alikuwa na hofu yake; nadhani ndiyo sababu tulinyamaza sote tulipoona jiji zima limewaka kama mchana. Mimi niliyezeeka katika kazi ya umeme sikuweza hata kuyatazama magari mwanzoni. Nilizitazama taa, zipatazo 1,500, zilizotundikwa kandokando ya barabara ya kilomita 5.067 na kuelekezwa kwa hesabu ili dereva asipigwe na mwanga machoni wala asikutane na kivuli kwenye kona. Umeme wake ulitoka kwenye jenereta zilizofungwa mbili mbili, moja ikizima nyingine ishike kazi, maana dereva anayekimbia karibu kilomita 300 kwa saa katikati ya kuta mbili hana pa kukimbilia giza likimshukia. Nimepanda ngazi mara nyingi kufunga taa ya barabarani na kuikuta imezima wiki iliyofuata, kwa hiyo najua ni kazi ya namna gani iliyofanywa pale.

Halafu yakatokea yale ya Massa wako, dereva wa Ferrari. Alikuwa ameanza wa kwanza na anaongoza, hadi mzunguko wa 14, dereva wa Renault, Nelson Piquet mdogo, alipougonga ukuta kwenye kona ya 17. Gari la usalama, lile linalopunguza mwendo wa wote, likaingia, na magari yakakimbilia kujaza mafuta. Ferrari walikuwa wakitumia taa kumruhusu dereva aondoke. Ile ya kijani ikawashwa mapema, naye Massa akaondoka mpira wa mafuta ukiwa bado umeng'ang'ania ubavuni mwa gari. Mpaka leo nawaona makanika wale wenye nguo nyekundu, helmeti vichwani, wakikimbia hadi mwisho wa njia ya kutokea ili wauchomoe kwa mikono. Wewe ulikuwa umeshika chupa ya soda ambayo hukuwa umeifungua, na uliondoka nayo hivyo hivyo hadi nyumbani. Massa alimaliza wa 13, bila pointi hata moja. Alonso, mwenzake Piquet katika timu, aliyeanza wa 15 na aliyekuwa amekwisha kujaza mafuta muda mfupi kabla ya ajali, ndiye aliyeshinda. Msimu ulipokwisha, Hamilton alikuwa bingwa kwa pointi 98, na Massa alikuwa na 97.

Hayo ungeyasamehe, kwa kuwa taa ya kijani ni kosa la mtu aliyeharakisha. Kilichokuvunja moyo ni habari za 2009, kwamba Piquet aliugonga ukuta ule kwa makusudi, kwa mpango wa wakubwa wa timu yake ya Renault, ili Alonso afaidike. Ulinipigia simu usiku ule ukasema hutatazama tena, na neno lako umelishika. Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu sasa. Massa mwenyewe hajatulia, kwani mwaka 2024 alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London kwa sababu ya ubingwa ule ule.

Hata hivyo, ndugu yangu, kijana ana miaka kumi na mitano na hakuwa amezaliwa. Yeye anaziona mbio zenyewe tu. Alinieleza kwa nusu saa nzima jinsi magari yanavyojipenyeza kwenye daraja la Anderson, daraja la zamani la chuma ambalo siku nyingine hupitiwa na watu na shughuli zao za kawaida, akanitaka nifikirie Oginga Odinga Street imefungwa na kuwekewa kuta za zege pande zote mbili. Anajua kwamba mwaka 2023 barabara ilifupishwa kuwa kilomita 4.940 na mizunguko ikawa 62. Anajua kwamba joto humtoa dereva jasho la hadi kilo 3 kabla hajashuka garini. Nilipokuwa nikimsikiliza niliisikia sauti yako, ile ya kabla ya Massa, na hilo ndilo lililonitia uchungu kuliko swali lake.

Mweleze mwenyewe, tafadhali. Mweleze yote, na Piquet pia, kisha ukae naye mtazame.

Au umekwisha kumgusia na mimi sijui? Mama Achieng ana maoni gani? Ile kofia nyekundu bado unayo, au uliitupa kweli kama ulivyosema? Nikipanda matatu mkesha wa mbio zijazo, mtakuwa na nafasi ya kunilaza, tutazame watatu? Na kijana amesema atanipigia tena Jumamosi: nimwambie nini?

Wako daima,
Baba Njeri