Mama mdogo, usisaini kwanza ule mkataba wa redio

Mama mdogo, shikamoo.

Mchoro wa matangazo na mauzo ya mgahawa wako ulionitumia WhatsApp nimeupata. Nukta sita, mstari umepita katikati yake, na maneno ya yule kijana wa matangazo: kila shilingi 10,000 unayolipa redioni inakuletea zaidi ya laki moja ya mauzo, kwa hiyo saini 200,000 kwa wiki, upate karibu milioni 3. Nimeirudia hesabu yake kwa mkono. Haina kosa. Kosa liko kwenye kile anachodai kwamba hesabu imesema.

Naandika hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Dodoma hii ya sasa, kila mwenye lodge, saluni au duka la vifaa vya ujenzi anaonyeshwa mchoro wa namna hiyo na mtu aliyevaa shati safi. Namba zako nimezizungusha kidogo, watu wasikuhesabie pesa.

Tuchukue wiki sita za kwenye daftari. Matangazo, kwa makumi elfu: 2, 3, 4, 8, 9, 10. Mauzo ya wiki hizohizo, kwa laki: 10, 11, 10, 17, 19, 17. Wastani wa matangazo ni 6, wa mauzo ni 14. Sasa fanya kazi ambayo kompyuta huificha. Wiki ya kwanza ulilipa 2, pungufu ya wastani kwa 4. Uliuza 10, nayo pungufu kwa 4. Hasi 4 mara hasi 4 ni 16. Wiki ya tano ulilipa 9, umezidi kwa 3. Uliuza 19, umezidi kwa 5. Hiyo ni 15. Ukimaliza zote unapata 16, 9, 8, 6, 15 na 12, jumla 66. Jumla imekuwa kubwa na chanya kwa sababu kila wiki uliyolipa chini ya wastani uliuza chini ya wastani, na uliyolipa juu uliuza juu. Kama vitu hivi viwili visingejuana, chanya na hasi zingekulana, jumla ikabaki karibu na sifuri.

Ile 66 peke yake haisomeki, maana ukihesabu kwa shilingi badala ya laki inavimba. Ndiyo maana tunaigawa. Tofauti za matangazo, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, jumla yake ni 58. Za mauzo ni 84. Zidisha 58 kwa 84, tafuta kipeuo cha pili, unapata kama 69.8. Gawa 66 kwa hiyo: 0.95. Huo ndio uwiano, yaani kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Hauwezi kuzidi 1 wala kushuka chini ya hasi 1, na 0.95 ni mkubwa sana. Kijana hakukudanganya hapo.

Mstari nao: 66 gawa kwa 58 ni 1.14. Huo ni mteremko, yaani kila elfu kumi ya matangazo inakwenda pamoja na mauzo zaidi ya kama 114,000. Mahali mstari unapoanzia, matangazo yakiwa sifuri, ni 7.17, yaani kama 717,000. Hii kazi ya kutafuta mstari ndiyo wataalamu wanaiita regresheni. Kwenye Excel ya simu andika CORREL, SLOPE na INTERCEPT, dakika moja umemaliza. Lakini mara ya kwanza fanya kwa kalamu, utaona namba zinatoka wapi.

Mstari wenyewe hauchorwi kwa macho. Kila nukta ina umbali wake wa wima kutoka kwenye mstari; umbali huo unazidishwa kwa wenyewe, vyote vinajumlishwa, na mstari unaochaguliwa ni ule wenye jumla ndogo kuliko mstari mwingine wowote ulionyooka. Mfaransa Legendre aliichapisha njia hiyo mwaka 1805, alipokuwa akishughulikia njia za vimondo vyenye mkia angani. Jina la regresheni lilikuja baadaye, kwa Mwingereza Galton. Mwaka 1886 aliandika kuhusu urefu wa wazazi na watoto: wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, ila kwa wastani hao watoto wamerudi kidogo kuelekea urefu wa kawaida. Hili likumbuke kuhusu mpishi wako. Wiki ikiwa mbaya kupita kiasi, inayofuata mara nyingi itakuwa afadhali hata usipogusa kitu. Ukimfukuza Jumapili, Jumamosi ijayo utaamini yeye ndiye alikuwa nuksi.

Turudi kwa mkataba. Wiki zako zote ziko kati ya 20,000 na 100,000. Za 200,000 hujawahi kuwa nayo hata moja, na mstari haujui kinachotokea huko. Milioni 3 amezipata kwa kuurefusha tu kwa rula. Na hata redio ikileta watu, una meza nane, Mama mdogo. Watakaa wapi? Ile 717,000 vilevile usiitegemee, kwa sababu hujawahi kukaa wiki bila kutangaza kabisa.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni hili: nimefungua kalenda nikaiweka kando ya daftari. Wiki tatu za 2, 3 na 4, Bunge lilikuwa halipo. Wiki tatu za 8, 9 na 10 zilikuwa za mkutano wa bajeti, ule unaoanza Aprili kwa kawaida na kwenda hadi mwisho wa Juni. Unajua mji unavyokuwa: wabunge, madereva wao, maofisa wa wizara na mafaili yao, watu wa taasisi wanaosubiri kuitwa kwenye kamati, waandishi wa habari. Wote hao saa saba mchana wana njaa. Na wewe, kwa akili yako ya biashara, ukiona mji umejaa ndipo unapoongeza matangazo. Bunge limepandisha mauzo, na Bunge hilohilo limepandisha matangazo. Redio na sufuria vimepanda pamoja bila kimoja kulazimika kukivuta kingine.

Kama huamini, zitenganishe. Chukua wiki tatu zisizo na Bunge peke yake: matangazo 2, 3, 4, mauzo 10, 11, 10. Fanya hesabu ileile. Mteremko ni sifuri. Sasa zenye Bunge: 8, 9, 10, mauzo 17, 19, 17. Sifuri tena! Uwiano wa 0.95 umeyeyuka mara tu ulipozitenga wiki.

Wala simaanishi kwamba redio haifanyi kazi. Nukta tatu tatu ni chache mno kusema lolote kwa kishindo, na sita si nyingi pia. Nasema daftari lako, jinsi lilivyo, haliwezi kutofautisha redio na Bunge. Na nukta zichore kila mara kabla ya kuamini namba. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, mtakwimu Anscombe alitoa mafungu manne ya namba yenye uwiano uleule wa kama 0.82 na mstari uleule. Ukiyachora, moja ni la kawaida, moja limepinda, moja linaharibiwa na nukta moja iliyopotoka, na la mwisho limeshikiliwa na nukta moja tu iliyojitenga. Ungepewa namba bila mchoro, usingejua.

Fanya hivi. Ongeza safu moja kwenye daftari: Bunge lipo au halipo. Nyingine: mishahara imetoka au bado, maana wiki ya mishahara nayo ina mambo yake. Kisha kila Jumamosi rusha sarafu. Ukitokea upande wenye sura ya mtu, wiki inayokuja lipa 80,000. Ukitokea mwingine, lipa 30,000, Bunge liwepo lisiwepo. Moyo utakuuma kulipa nyingi mji ukiwa mtupu, lakini bila hivyo redio na Bunge vitaendelea kushikana mikono. Endelea mpaka ufikishe wiki ishirini hivi, zikiwemo za Bunge na zisizo za Bunge, halafu uchore mafungu mawili mbalimbali.

Kijana wa redio mwambie asubiri. Akikubana kwamba ofa inaisha mwezi huu, acha iishe.

Kwenye kila laki ya mauzo uliniambia unabakiwa na kama 25,000 ukishatoa nyama, mchele, mkaa na vijana. Basi elfu kumi ya tangazo inabidi ilete angalau 40,000 ya mauzo ndipo irudi yenyewe. Kwa vipimo vyetu huo ni mteremko wa 0.4. Ukipata chini ya hapo kwenye mafungu yote mawili, hizo hela nunua meza. Ukizidi, nipigie kabla hujaenda ofisini kwao, tukapatane bei pamoja.

Mwanao