SWR Nzuri, Lakini Husikiki

Lalamiko hili haliishi. Mteja ana redio ya wati 50, mita yake mezani inasoma SWR 1.7 (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena; 1 ndiyo bora kabisa) kwenye megahezi 145, kisha anaambiwa alipie fundi wa kupanda mlingoti. Anaona anatafutiwa ugonjwa.

Tunapanda kwa sababu mita ya mezani haiioni antena, inaona kinachorudi tu. Redio na kebo zimetengenezwa kwa omu 50. Antena isipolingana nazo, sehemu ya nguvu hugeuka na kurudi. Sasa chukua mita 30 za RG-58, kebo nyembamba ya antena: kwenye masafa hayo hula takriban desibeli 6, yaani robo tatu ya nguvu, kwa hiyo juu hufika wati 12 na nusu. Hata antena ikiwa imekatika kabisa na nguvu yote ikageuka, njiani huliwa tena robo tatu. Mezani hurudi wati 3 tu, na mita husoma 1.7 ileile iliyomfurahisha mteja.

Wengi hapo hukimbilia tyuna, kifaa cha kulinganisha redio na antena. Tyuna iliyo kando ya redio huiridhisha redio peke yake; kwenye kebo nguvu bado inakwenda na kurudi ikigeuka joto. Kebo huja kununuliwa baadaye vilevile, na pesa ya tyuna imeshakwenda.

Jipimie kwa kipimaji cha antena, usirushe mawimbi kwa redio. Fungua kebo juu kwenye antena, iache wazi, pima chini. Nguvu yote hugeuka juu, kwa hiyo RG-213 (kebo nene zaidi) nzima ya mita 30 isome SWR 3 hivi au zaidi. Ikisoma 1.5, kebo inakula nguvu; chuna ganda karibu na PL-259, plagi ya mwisho wa kebo: msuko wa shaba utaukuta mweusi, wenye unga wa kijani. Maji yameingia, na huku pwani yanaingia na chumvi. Kukata kipande cha mwisho mara nyingi hakutoshi, kwani maji hutambaa ndani ya msuko.

Bei yetu ni ya vipimo viwili. Kwanza tunafunga mzigo bandia wa omu 50 (kikinzani kinachoshika nafasi ya antena) juu na kupima wati zinazofika. Kisha antena yenyewe, palepale kebo inapoungwa. Ya robo wimbi, yaani fimbo wima yenye urefu wa robo ya wimbi, yenye miguu (fimbo za chini) iliyolala huwa karibu omu 36. Tunaiinamisha miguu nyuzi 45 ikaribie 50, halafu tunapunguza fimbo milimita 2 kwa 2. Kiungo hufungwa utepe wa mpira unaojishika, juu yake utepe wa PVC, kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze.